Deni la Mwokotaji

Kutupa ni hukumu. Mtu atupapo kitu huamua kwamba kitu kile kimemaliza kazi yake duniani, hakina haja tena, na mahali pake ni jaani. Hukumu hii hutolewa kila siku katika kila nyumba, bila ya shahidi wala wakili. Na hukumu zitolewazo kwa wingi na kwa haraka namna hii haziwezi kukosa makosa. Wahenga walilitambua jambo hilo walipoonya kwamba mtu asitupe mbacha wake kwa msala upitao.

Wako watu ambao kazi yao ni kuikatia rufani hukumu hiyo. Hawa huenda jaani, katika yadi za vyuma chakavu na katika vibanda vya vitabu vikuukuu, wakaokota kipande cha bati lililoliwa na kutu, kifuniko cha chupa, mnyororo wa baiskeli, ukurasa wa daftari la hesabu, tikiti ya gari moshi, au bahasha yenye stempu ya dola iliyokwisha kuanguka. Kisha hukata, hukunja, hupigilia misumari, hushona kwa waya na kubandika kwa gundi, mpaka vitu vilivyokuwa havijuani vikawa kitu kimoja. Sanaa hii huitwa kolaji, neno lililotokana na kitenzi cha Kifaransa chenye maana ya kubandika kwa gundi. Swali lililo mbele ya insha hii si kama sanaa hiyo inapendeza au haipendezi, maana macho hayana kadhi. Swali ni la maadili: mwokotaji ana haki gani juu ya kitu alichokiokota, na ana deni gani kwa kitu hicho, kwa aliyekuwa nacho kwanza, na kwa atakayekuja kukitazama?

Hoja ya kwanza ya wapinzani ni kwamba mwokotaji si mtungaji. Husema kuwa mchoraji huanza na kitambaa cheupe, mfinyanzi na udongo usio na sura, na mhunzi na chuma kilicholainishwa na moto. Lakini mwokotaji huanza na vitu vilivyokwisha kufanywa na watu wengine. Bati lilitoka kiwandani, karatasi ilipigwa chapa na mpiga chapa, maandishi yaliandikwa na karani. Kilichobaki kwake ni gundi, na gundi haimfanyi mtu kuwa fundi. Hoja hii ina nguvu ya dhahiri, lakini nguvu hiyo hupungua ikichunguzwa. Hakuna binadamu aanzaye na kitu kitupu. Udongo wa mfinyanzi ulikuwa jabali kabla ya mvua na jua kulisaga. Rangi ya mchoraji ilisagwa na mwingine. Na maneno yote ya mshairi yalikwisha kutumiwa sokoni na jikoni kabla hajayatia vina. Mshairi hashitakiwi kwa kuokota maneno. Husifiwa kwa kuyaweka mahali ambapo hayakupata kuwekwa, na huko kuyaweka ndiko kutunga. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na kuunda si kuleta mbao kutoka katika utupu, bali ni kujua ubao upi ukae ubavuni mwa upi.

Katika Ulaya jambo hili liliingia katika sanaa ya wakubwa mwaka 1912. Pablo Picasso, Mhispania aliyekuwa akifanya kazi Ufaransa, alibandika katika picha yake kipande cha kitambaa cha meza chenye chapa ya mfano wa msuko wa kiti, akaizungushia picha nzima kamba. Mwaka huo huo mwenzake Georges Braque alibandika karatasi ya ukutani iliyopigwa chapa ifanane na ubao. Miaka michache baadaye ilikuja Vita Kuu ya kwanza, na Kurt Schwitters wa mji wa Hannover akaupeleka mchezo huo mahali pa uchungu. Nchi yake ilikuwa imeshindwa, ufalme umeanguka, na kila kitu kimevunjika. Akaona kuwa picha ya kweli ya nchi iliyovunjika ni ile ifanywayo kwa vipande. Aliokota tikiti za tramu, magazeti yaliyochanika, waya na vibao, na mwaka 1919 akaipa kazi yake jina la Merz, silabi aliyoipata katika tangazo la benki lililokatwa. Hata jina lilikuwa la kuokotwa.

Mwaka 1937 utawala wa Hitler ulizitia kazi zake katika maonyesho ya aibu mjini Munich, pamoja na za wasanii wengine walioitwa wapotovu. Mwaka huo Schwitters alikwisha kimbilia Norway, na mwaka 1940 akakimbia tena kwenda Uingereza, ambako alifariki mwaka 1948. Vyumba alivyovijenga kwa miaka mingi ndani ya nyumba yake Hannover, kwa vitu vya namna hiyo hiyo, viliteketezwa na mabomu mwaka 1943. Katika habari hii liko neno moja lisilofaa kusahauliwa: watawala walioita picha taka ndio hao hao walioita watu taka. Jicho lililozoea kutupa halikomei kwenye vitu.

Mtu wa pwani ya Afrika ya Mashariki hana haja ya kudhani kuwa mambo haya ni mageni kwao. Katika magofu ya Kunduchi, kaskazini ya mji wa Dar es Salaam, yako makaburi ya nguzo ambayo wajenzi wake walipachika sahani za kaure katika chokaa. Kule Mambrui, karibu na Malindi, iko nguzo ya kaburi iliyopambwa hali kadhalika kwa bakuli za Kichina. Vyombo vile vilifinyangwa mbali, vikavuka bahari, vikafanywa ili vitiwe chakula; na juu ya makaburi vikaacha kuwalisha walio hai vikawa ukumbusho wa waliokufa. Wajenzi wa mitepe nao walishona mbao za vyombo vyao kwa kamba ya makumbi, bila ya msumari wa chuma, na mshono ule ulionekana na kila mtu aliyesimama ufukweni. Ni kweli kwamba sahani zile hazikuwa taka, na mbao zile zilikuwa mpya. Lakini mafundi wale walijua siri mbili ambazo ndizo msingi wa kazi ya mwokotaji: ya kwanza, kwamba kitu chaweza kuacha kazi yake bila ya kupoteza heshima yake, ya pili, kwamba kiungo si aibu ya kufichwa.

Hapo, basi, mwokotaji ameachiliwa katika shitaka la kwanza. Yeye ni mtungaji. Lakini kuachiliwa huko kunamfungulia mashitaka mengine mazito zaidi, maana mtungaji huulizwa juu ya alichokitumia. Kitu kilicholala chini kina njia nyingi za kufika pale. Huenda kilitupwa kwa hiari na mwenyewe. Huenda kilipotea, na mwenyewe bado anakitafuta. Huenda kiliibwa, na mwizi akakiacha au akakiuza. Na huenda kiliachwa kwa dhiki, kama viachwavyo vitu vya watu waliofukuzwa na vita, mafuriko au deni. Jicho la mwokotaji huona bati tu. Dhamiri yake hutakiwa kuiona njia. Mwezi wa Januari 2022 Kenya iliingia gizani baada ya nguzo za umeme kuanguka, na lawama ikawaangukia wale wanaofungua vyuma vya nguzo ili wakaviuze. Katika mwezi huo huo serikali ikaisimamisha kwa muda biashara ya vyuma chakavu. Kipande cha chuma cha namna hiyo, hata kikiwa kizuri namna gani katika picha, ni taa iliyozimwa katika wodi ya wagonjwa. Msanii anunuaye kwa ratili bila ya kuuliza habari amemwajiri mwizi bila ya mkataba. Kwa hiyo deni la kwanza la mwokotaji ni kuuliza. Asiyeuliza haokoti; anapokea.

Karatasi ina deni kubwa kuliko chuma, kwa sababu chuma hubeba alama lakini karatasi hubeba sauti. Ukurasa mkuukuu unaoonekana kufaa kwa rangi yake ya chai na wino wake uliofifia yamkini ni ushahidi wa pekee wa nikahi, wa mpaka wa shamba, au wa mtu aliyeuzwa. Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Na daftari likikatwa kuwa pambo, mali hupotea mara ya pili. Katika sinagogi la Ben Ezra, mjini Cairo, palikuwa na chumba ambamo kwa karne nyingi zilitiwa karatasi zilizochakaa, kwa kuwa Wayahudi hawakuona vema kuitupa karatasi ambayo huenda imeandikwa jina la Mungu. Waislamu nao wana adabu iyo hiyo juu ya karatasi yenye aya: haikanyagwi wala haitupwi jaani. Miaka ya 1896 na 1897 mwanachuoni Solomon Schechter alizipeleka Cambridge karatasi zaidi ya laki moja kutoka katika chumba kile. Ndani yake zilionekana barua za wafanya biashara wa Misri, Aden na Bara Hindi, na kutokana na barua hizo S. D. Goitein aliandika vitabu vikubwa, kuanzia mwaka 1967, juu ya maisha ya watu ambao wafalme hawakuwataja. Lau msanii mmoja mwenye mkasi mkali angalitangulia kuingia chumbani mle, ulimwengu ungalipata picha chache nzuri, nao ungalikosa jamii nzima ya watu.

Msomaji wa Kiswahili anao mfano ulio karibu zaidi. Tenzi nyingi za pwani zilihifadhika katika karatasi za hati za Kiarabu zilizowekwa masandukuni, zikiliwa na mchwa na unyevu, mpaka zikakusanywa. Na orodha ya hati zilizofika katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyotayarishwa na J. W. T. Allen, ilichapishwa mwaka 1970. Hakuna ajuaye ni hati ngapi zilifungiwa karanga kabla ya wakusanyaji kubisha hodi. Kwa mtu asiyezisoma herufi hizo, ukurasa wa utenzi na ukurasa wa hesabu ya duka ni uzuri mmoja tu wa mistari ya wino. Ndiyo maana sharti la mwokotaji wa karatasi ni fupi kusemwa na refu kutimizwa: asome kabla ya kukata, na asipoweza kusoma, amtafute asomaye. Siku hizi, ambapo simu ya mfukoni hupiga picha ya ukurasa kwa nukta moja, udhuru umepungua sana. Ukurasa ulio wa pekee na uhifadhiwe, na nakala yake ibandikwe. Na barua ya mtu aliye hai haigeuki kuwa halali kwa sababu upepo umeileta mlangoni. Siri iliyookotwa ingali siri.

Walakini haki ya karatasi isifanywe kuwa kufuli. Uko mfano wa kale uonyeshao kwamba hata kufuta huweza kuhifadhi. Katika karne ya kumi maandishi ya Archimedes, mwanahesabu wa Kiyunani, yalinakiliwa juu ya ngozi. Mwaka 1229 ngozi ile ilikwisha kukwanguliwa wino wake na kuandikwa sala juu yake. Mwaka 1906 Johan Ludvig Heiberg aliutambua wino wa kwanza chini ya ule wa pili, akakisoma kitabu cha Archimedes ambacho nakala yake nyingine haijulikani kuwapo popote. Aliyekwangua alifanya dhara; lakini kama asingaliitumia ngozi ile katika sala, yamkini isingalitunzwa na mtu hata ikafika mikononi mwa msomaji. Kutumia upya, kwa hiyo, si adui wa kumbukumbu kila siku. Adui wa kumbukumbu ni kutojali, na kutojali huweza kukaa jaani, karakanani, na hata katika makumbusho.

Tena ziko karatasi ambazo kuzikata ni kuzijibu. Wangechi Mutu, msanii aliyezaliwa Nairobi mwaka 1972, alichukua kurasa za michoro ya tiba ya zamani zilizoonyesha maradhi ya mwili wa mwanamke, akabandika juu yake vipande vya picha za magazeti mpaka zikawa nyuso. Michoro ile iliutazama mwili kama kitu cha kupasuliwa, na magazeti yale yaliutazama kama kitu cha kuuzwa. Alipozikutanisha namna mbili hizo za kutazama katika uso mmoja, uso ulianza kumtazama mtazamaji. Mkasi uliokata pale haukudharau karatasi. Uliidharau dharau iliyochapwa juu yake. Tofauti ya mkasi huo na mkasi wa mharibifu haiko katika makali. Imo katika kujua. Mwenye kujibu hana budi kuwa amesikia kwanza alichoambiwa.

Chuma nacho kina habari za kutisha zaidi ya kutu. Vita vya ndani vya Msumbiji, vilivyoanza mwaka 1977, vilikwisha kwa mapatano ya mwaka 1992, lakini silaha zilibaki zimefukiwa mashambani na majumbani. Mwaka 1995 Baraza la Makristo la nchi ile, kwa uongozi wa Askofu Dinis Sengulane, lilianza kuwapa watu majembe, cherehani na baiskeli badala ya bunduki walizozileta. Bunduki zilikatwa zisiweze kupiga tena, na baadhi ya vipande wakapewa wasanii. Mwaka 2001 Cristóvão Canhavato, aitwaye Kester, aliunda kwa vipande hivyo kiti cha enzi, ambacho sasa kimo katika Makumbusho ya Uingereza, London. Mtu akikitazama huona mara moja kwamba ni kiti, na mara moja kwamba ni bunduki. Moja halimfichi mwenzake.

Kutofichana huko ndiko uaminifu wa kazi ile. Kester angaliweza kuyeyusha chuma chote akafua kiti laini cha kupendeza, na mkaaji asingalijua amekalia nini. Hapo uzuri ungalikuwa uongo, na waliouawa wangaliuawa mara ya pili kwa kusahauliwa. Mhunzi aliyefua jembe kutokana na bunduki ana haki ya kuifuta bunduki, kwa sababu jembe latakiwa kulima, si kusema. Lakini kazi ya sanaa yatakiwa kusema, na msemaji anayeficha aliyemfundisha maneno ni mwongo. Deni la pili la mwokotaji, basi, ni kutokifuta kitu alichokiokota. Amalize kazi yake hali kitu kingali kikitambulikana kilikuwa nini na kilifanya nini.

Deni la tatu ni kwa mikono ya wengine. El Anatsui, aliyezaliwa Ghana mwaka 1944 na kufundisha katika Chuo Kikuu cha Nigeria, Nsukka, tangu mwaka 1975, aliokota mfuko wa vifuniko vya alumini vya chupa za pombe kali katika mwaka 1998. Vifuniko vile hupondwa, hukunjwa, hutobolewa na kushonwa kwa waya wa shaba mpaka vikawa kama shuka kubwa zing'aazo, zifunikazo ukuta mzima. Aliyapata humo mambo matatu kwa pamoja. Yako mapambo yakumbushayo nguo za kufumwa za Afrika ya Magharibi. Iko historia, kwa sababu pombe kali ilikuwa miongoni mwa bidhaa ambazo Wazungu walizileta katika pwani ile wakanunulia watu. Na iko jamaa ya wafanya kazi, maana shuka ya maelfu ya vifuniko haiwezi kushonwa na mtu mmoja. Vijana wengi wa Nsukka hukaa pamoja wakishona. Mwaka 2015 Anatsui alipewa Simba wa Dhahabu katika maonyesho ya Venice kwa kazi ya maisha yake. Tuzo huandikwa jina moja, na hiyo ni desturi ya tuzo. Lakini haki hutaka mwokotaji akumbuke kwamba nyuma yake yuko aliyekunywa, aliyefagia, aliyechambua na aliyeshona, na kwamba sehemu yao katika faida si sadaka.

Hapa huja hoja ya pili ya wapinzani, iliyo nzito kuliko ya kwanza. Husema kwamba sanaa hii huipamba dhambi. Jaa ni ushahidi wa uvivu na uroho wa watu watumiao kuliko wanavyohitaji. Naye msanii auchukuaye ushahidi huo na kuufanya mzuri humwondolea mtupaji haya. Tajiri hununua picha ya takataka, akaitundika katika ukumbi, akajiona amelipa, na kesho akatupa zaidi. Tena hoja hiyo huendelea kusema kwamba si kila kuokota vyuma ni rehema. Katika kitongoji cha Owino Uhuru, Mombasa, watu wazima kwa watoto walidhuriwa na risasi, madini yaliyotokana na kuyeyusha betri kuukuu za magari, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Kazi ile nayo ilikuwa ni kukipa kitu kilichotupwa maisha mapya. Maisha mapya ya betri yalikuwa mauti ya jirani.

Hoja hii haiwezi kujibiwa kwa kuikana. Sehemu yake kubwa ni kweli. Sanaa si fagio. Vifuniko vilivyotundikwa katika makumbusho yote ya dunia ni tone katika bahari ya vile vinavyotupwa kwa siku moja, na msanii ajisifuye kuwa anausafisha mji anasema uongo, hata kama hajui. Rangi ya kale juu ya bati huweza kuwa na sumu ya risasi, na moshi wa bati lenye zinki likichomelewa humtia fundi homa. Asiyejua haya humwangamiza mwanafunzi wake kwa jina la uzuri. Lakini kutoka katika ukweli huo haifuati kwamba kazi yenyewe ni bure. Fagio huondoa taka mbele ya macho, sanaa huirudisha. Mji hutaka taka yake iende mahali isipoonekana, na watu wanaoishi mahali hapo wasionekane pia. Msanii mwaminifu huilainisha njia ya kurudi, kitu kikaingia sebuleni na kumtazama aliyekitupa. Kama mtazamaji akifurahi tu na kuondoka, msanii amepamba. Kama mtazamaji akitambua chapa ya kinywaji alichokunywa jana, msanii ameshitaki. Mizani ya kupimia kazi ya namna hii, kwa hiyo, ni haya anayobaki nayo mtazamaji baada ya furaha yake kupoa.

Lipo fundisho jingine katika kazi yenyewe, ambalo mafundi hulijua kwa mikono kabla ya kulijua kwa akili. Chuma na karatasi hawapatani. Chuma hushika kutu kwa maji na hewa, na hewa ya chumvi ya pwani huizidisha kasi. Kutu ikigusa karatasi huitia doa la hudhurungi, kisha huzila nyuzi zake. Karatasi ya gazeti, ifanywayo kwa mti uliosagwa, hugeuka manjano na kuvunjika juani, hali karatasi ya kale iliyofanywa kwa matambara huweza kudumu karne nyingi. Gundi ya wanga huwaita wadudu. Fundi asiyejua tabia ya kila kimoja huwakutanisha wawili hao kwa furaha, na baada ya misimu michache mmoja amekwisha kumla mwenziwe. Fundi ajuaye hukisugua chuma, hukipaka nta au vanishi, huacha nafasi ndogo katikati. Umoja wa vitu visivyofanana haudumu kwa gundi kali. Hudumu kwa kila kimoja kujulikana udhaifu wake na kuwekewa mpaka. Wanaounganisha watu, katika ndoa, katika chama na katika taifa, wangeweza kwenda karakanani kujifunza hilo.

Lakini mfano huu wa vitu na watu una mwisho wake, na mwisho huo lazima uonyeshwe, kwa sababu ndipo palipo hatari kubwa ya sanaa hii. Ni rahisi kusema kuwa mzee aliyestaafu, mlemavu, mkimbizi na mfungwa ni vyuma chakavu vya jamii, na kwamba kama msanii aonavyo uzuri katika kutu, ndivyo jamii impasavyo kuona faida katika watu hao. Maneno hayo husemwa kwa huruma, nayo hushangiliwa. Walakini ndani yake mna sumu. Bati lililotupwa hurudishiwa thamani kwa sababu mtu ameligundulia kazi mpya. Lisipogunduliwa kazi, linabaki taka, wala halikudhulumiwa. Mtu si hivyo. Bibi mgonjwa asiyeweza tena kusuka ukili, kusimulia hadithi wala kumtambua mjukuu wake, hana kazi mpya itakayogunduliwa na yeyote; na heshima yake haikupungua hata chembe. Kumheshimu kwa sababu bado anafaa ni kumweka katika foleni moja na bati, akingojea jicho la mwokotaji. Kitu hungoja kufaa ndipo kikapewa thamani. Mtu ana thamani kabla ya kufaa, na baada yake.

Kwa sababu hii funzo la mwokotaji kwa jamii halipaswi kutafutwa katika picha yake iliyokwisha, ambapo kila kipande kimepata mahali. Litafutwe katika tendo lake la kwanza, pale alipoinama. Wakati ule hakujua bado kama kitu kile kitamfaa. Alikishika, akakipangusa, akauliza ni nini, kimetoka wapi, ni cha nani. Na mara nyingi, baada ya kuuliza, alikirudisha mahali pake au kwa mwenyewe, akaenda zake mikono mitupu. Siku hiyo hakupata picha, lakini deni lake lilikuwa limelipwa. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na kukosa kipande cha kubandika si mwisho wa sanaa. Mhunzi hupoteza ufundi wake siku anapoacha kujali chuma kilitoka wapi na kitamgusa nani. Na mji hupoteza utu wake siku unapojifunza kuinamia vitu kwa makini huku ukiwapita watu wake wima.